Mkutano Umeisha, Bili Imebaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Madeni ya Kampeni

Natunza vitabu vya ofisi ya kukodisha muziki, maturubai na viti, Tabata, Dar es Salaam. Kila kampeni zikikaribia simu yangu haitulii. Fundi muziki wa Mbagala anauliza adai kianzio kiasi gani, mama lishe wa Manzese anauliza amkamate nani, na siku hizi vijana wanaosoma habari za nje wananiuliza hata ya Marekani. Nimechoka kurudia kwa mdomo, kwa hiyo nimeyaandika. Mimi si wakili. Ni mtu aliyedaiwa, akadai, na bado anadai.

Ni kweli miji ya Marekani inawadai wanasiasa hela za mikutano?

Kweli kabisa. Mfano unaotajwa sana ni El Paso, jimbo la Texas, mpakani na Meksiko. Tarehe 11 Februari 2019 Donald Trump alifanya mkutano wa kampeni pale. Mji ukatoa polisi, zimamoto, watu wa afya na watu wa usafiri, kisha ukapeleka ankara ya dola 470,417. Haikulipwa. Mji ukaongeza faini ya kuchelewa ya asilimia 21, deni likafika dola 569,204 na senti zake. Piga kwa shilingi 2,500 tu kwa dola moja, unaona ni zaidi ya shilingi bilioni 1.4. Kwa jioni moja.

Mwaka huohuo Albuquerque, New Mexico, nao ukadai dola 211,175. Cha kuchekesha ni kwamba mkutano wenyewe haukufanyika Albuquerque, ulifanyika Rio Rancho, mji wa jirani. Lakini mkubwa alilala hotelini Albuquerque, barabara za katikati ya mji zikafungwa, wafanyakazi wa mji wakaambiwa wabaki nyumbani na mshahara wao unaendelea. Mji ukaandika yote hayo kwenye bili. Mimi kama mtunza vitabu niliposoma hapo nilisema, huyu mhasibu wao ni ndugu yangu.

Kwa nini mji ndio udai? Polisi si wa Serikali?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu tunapima kwa kipimo cha kwetu. Marekani polisi wa mji ni wa mji. Wanaajiriwa na mji, wanalipwa na kodi za wakazi wa mji, na meya ndiye anayehangaika bajeti yao ikipasuka. Askari akikaa barabarani saa sita za ziada kulinda msafara, zile saa zinalipwa kama muda wa ziada, na hela inatoka kwenye fungu lilelile la kuziba mashimo na kuendesha maktaba.

Kwetu Jeshi la Polisi ni moja, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Askari wa kituo cha Msimbazi au Oysterbay halipwi na manispaa. Mkutano ukiwa Kawe au Mbagala, gharama ya askari inamezwa na Serikali Kuu, na hakuna anayemwandikia mgombea ankara. Tofauti hii moja ndiyo inayoeleza kwa nini kule anayelia ni meya, na huku anayelia ni mwenye jenereta.

Kampeni zinazodaiwa zinajiteteaje?

Utetezi wao ni mfupi: sisi hatukuwaita polisi wenu. Marekani kuna kikosi cha Serikali Kuu kiitwacho Secret Service kinachomlinda rais na wagombea wakubwa. Kikosi hicho ndicho kinachouomba mji uongeze askari, ufunge njia, uweke vizuizi. Kampeni inasema, basi nendeni mkawadai wao. Secret Service nao wanajibu kwamba hawana fungu la kuirudishia miji gharama hizo. Mji unabaki katikati umeshika ankara, na mara nyingi hakuna mkataba uliosainiwa kati yake na kampeni.

Mtu yeyote aliyewahi kuzungushwa kati ya katibu wa kata na meneja wa kampeni anaujua huu mchezo. Kila mmoja anakuelekeza kwa mwenzake, kwa heshima kabisa, na anakuuliza kama umekunywa chai.

Ni Trump peke yake?

Hapana, ingawa jina lake ndilo lililojaa kwenye hesabu. Juni 2019 taasisi ya wanahabari wachunguzi iitwayo Center for Public Integrity ilihesabu angalau miji na serikali za mitaa 10 zilizokuwa zikidai kampeni yake jumla ya dola 841,219. Lakini mwaka 2016 mji wa Tucson, Arizona, ulipeleka bili kwa Trump, kama dola 82,000, na kwa Bernie Sanders wa upande wa pili, kama dola 44,000. Vyama tofauti, sera mbingu na ardhi, deni aina moja.

Si wangedai hela mbele tu?

Minneapolis walijaribu. Oktoba 2019 mji uliuambia uongozi wa ukumbi wa Target Center kwamba gharama za ulinzi za mkutano wa Trump zinakadiriwa kufika dola 530,000 na zinatakiwa kulipwa kabla. Ukaanza ugomvi wa hadharani kati ya Trump na meya, Jacob Frey, na kampeni ikatishia kwenda mahakamani. Mwisho mkutano ulifanyika tarehe 10 Oktoba na kampeni haikulipa kwanza.

Sababu nyingine ni ya kisheria. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka kaunti ya Forsyth huko Georgia, kwamba serikali haiwezi kupandisha ada ya mkutano kwa kuangalia ujumbe wa wanaokutana au ukali wa watakaowapinga. Ukimtoza mmoja zaidi kwa sababu maneno yake yanachoma, umemziba mdomo. Kwa hiyo miji mingine huogopa hata kutuma bili.

Mwenye turubai hana shida hiyo. Wewe si serikali. Dai mbele bila wasiwasi.

Na Jiji la Dar es Salaam, linavidai vyama?

Kwanza tuelewane Jiji ni lipi. Ile Halmashauri ya Jiji iliyosimama juu ya manispaa zote ilivunjwa Februari 2021, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimebaki manispaa. Kwa hiyo mkutano wa Mnazi Mmoja uko Jiji, wa Tanganyika Packers uko Kinondoni, na wa Zakhem uko Temeke.

Askari, kama nilivyosema, si mzigo wa halmashauri. Kinachobaki kwao ni uchafu, mgambo, na uwanja uliokanyagwa. Nenda Mwembe Yanga asubuhi baada ya mkutano mkubwa ujionee: chupa za maji, mifuko ya karanga, vijiti vya bendera, kandambili za mguu mmoja. Wanaofagia ni kina mama wa vikundi vya usafi, na kumekucha tu wameshainama. Hiyo nayo ni gharama ya kampeni, ila haipo kwenye ankara ya mtu.

Na foleni je? Wanaokumbuka Agosti 2015, CCM na UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipozindua kampeni zao Jangwani kwa kupishana siku chache, wanakumbuka Barabara ya Morogoro ilivyokuwa. Konda wa daladala aliyepoteza trip tatu hana pa kupeleka bili.

Basi kwetu nani hasa anabaki na deni?

Anayetangulia kutoa. Mwenye spika, mwenye turubai, mshona fulana, mchapaji mabango, mpishi, mwenye Coaster ya kubeba wanachama kutoka Gongo la Mboto, kijana wa bodaboda aliyeahidiwa mafuta ya msafara akapewa nusu. Nitakueleza letu.

Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba 2020, siku nne kabla ya kura, tulifunga vifaa kwenye mkutano wa mgombea mmoja, jina naliweka pembeni. Seti kamili ya muziki, jenereta mbili, viti 300 vya plastiki, turubai la jukwaa kuu. Bei ya jumla shilingi 2,600,000. Kianzio tulipewa 750,000, zikabaki 1,850,000 za kulipwa "mara tu Mheshimiwa akishuka jukwaani". Mheshimiwa alishuka, akapanda gari, vumbi likabaki. Viti tulivyorudisha vilikuwa 286.

Yule mratibu wao nilimfuata na kaunta buku, nikamwambia kaka, basi saini hapa kwamba zimebaki hizi. Akasaini kwa mbwembwe, kalamu inalia. Kufika ofisini nikaangalia kwa taa: hakuandika jina lake. Ameandika "Kwa niaba ya Mheshimiwa", akapiga mstari chini. Saini yenyewe ni kama nyoka aliyekanyagwa.

Jumatatu niliambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi matokeo yalikuwa yanatangazwa, mgombea ameanguka, simu haipatikani. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Mdaiwa wangu ni nani: mgombea, chama au kamati?

Yule aliyeagiza na kukubali bei, na ndiyo maana umjue kabla hujapakia Fuso. Akiagiza mgombea mwenyewe kwa simu yake, mdaiwa ni mgombea. Ikiagiza ofisi ya chama kwa barua yenye mhuri, mdaiwa ni chama, na chama kinashitakiwa kupitia Bodi ya Wadhamini wake iliyosajiliwa. Tawi la chama mtaani kwenu halishitakiki lenyewe kama kampuni.

Kamati ya hamasa ndiyo hatari kuliko zote. Haina ofisi, haina akaunti, na wiki moja baada ya uchaguzi haina hata wajumbe. Kamati ikikupigia, uliza swali moja: hela inatoka simu ya nani? Huyo mwenye simu ndiye umwandike jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Wapambe na machawa usiwaandikishe kitu. Wanaongea sana bei, lakini hawana mfuko.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi hainilindi?

Hiyo sheria ya mwaka 2010 haikutungwa kwa ajili yako. Imetungwa kuangalia hela inatoka wapi, isizidi kiwango kilichowekwa, isiwe ya nje, na isigeuke hongo. Baada ya uchaguzi wahusika wanatakiwa kutoa taarifa ya matumizi, na anayesimamia ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Msajili si mkusanya madeni yako.

Hata hivyo ina faida ya mlango wa nyuma. Chama makini kinahitaji ankara na stakabadhi ili taarifa yake isimame, kwa hiyo ukimpelekea mhasibu wa chama karatasi safi yenye tarehe, uwanja, idadi na bei, unamsaidia kazi yake. Mimi nimeona deni likilipwa kwa wepesi kwa sababu tu mhasibu wa wilaya alikuwa anakimbizana na hesabu. Ukipeleka maneno matupu, hana la kuandika.

Hatukuandikishana, ilikuwa mali kauli. Nimeliwa?

Si lazima. Sheria yetu ya Mikataba inatambua makubaliano ya mdomo. Tabu ni kuyathibitisha. Kusanya ulichonacho: meseji za simu, sauti za WhatsApp, muamala wa kile kianzio, picha za jukwaa zenye spika zako na nembo ya ofisi yako. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa kielektroniki unapokelewa kama ushahidi. Kwa hiyo usifute meseji kwa hasira, na ukibadilisha simu hamisha kwanza.

Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 unaweza kulifungulia shauri Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo yanaendeshwa kwa Kiswahili na wengi wanajisimamia wenyewe. Kabla ya hapo andika barua ya madai, moja, yenye adabu, inayotaja kiasi na siku ya mwisho. Barua yenye matusi inakuharibia wewe.

Nidai kianzio kiasi gani?

Kwa harusi sisi tunachukua nusu. Kwa kampeni tunachukua yote, muziki haushuki kwenye gari kabla hela haijaingia. Tulianza hivyo baada ya 2020, na tulipoteza wateja wawili tu. Wote wawili nasikia walimkopa mwenzetu wa Kigogo, na bado anawatafuta.

Ukishindwa kupata yote, basi angalau chukua inayofunika mafuta ya jenereta, gari na posho za vijana wako, ili ukidhulumiwa upoteze faida na si mtaji.

Mkutano unaisha saa 12 jioni kwa mujibu wa maadili ya uchaguzi. Vifaa vinakuwa chini ya nani baada ya hapo?

Chini yako, msipoandikishana. Kwa hiyo andika kwenye makubaliano kwamba mpaka kiti cha mwisho kipakiwe, mlinzi ni wa aliyekodi. Vile viti vyangu 14 viliondoka kati ya saa 12 na saa 2 usiku.

Mimi ni mama lishe. Wameniambia nilete sahani 200, watalipa baadaye. Nipike?

Dada, usipike. Mchele, mafuta, maharage na mkaa umenunua kwa taslimu, na pengine kwa hela ya kikoba. Sahani 200 za wali maharage ukikosa hela yake huamki miezi miwili. Waambie watoe hela ya mali ghafi leo na faida watamalizia kesho. Wakikataa hata hilo, ujue hawakuwa na mpango wa kukulipa.

Na ukipika, gawa kwa kuponi. Bila kuponi utaambiwa walikula watu 90, na wewe hujui ulihesabu wapi.

Wameniomba niandike ankara ya "semina" badala ya mkutano wa kampeni. Kuna ubaya?

Kataa. Ufaransa jambo hilihili lilimfikisha rais mstaafu kizimbani. Kampuni iliyoandaa mikutano ya Nicolas Sarkozy ya mwaka 2012, Bygmalion, iliandika ankara za mikutano ya kampeni kana kwamba ni makongamano ya chama, ili gharama zisionekane zimevuka kikomo cha euro milioni 22.5. Zilikuwa zimekaribia maradufu. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ilimtia hatiani, pamoja na watu wengine kumi na tatu, wakiwemo wa kampuni yenyewe. Soma tena hapo mwisho: wakiwemo wa kampuni. Mwandika ankara haponi kwa kusema niliambiwa.

Wakisema "chukulia ni mchango wako kwa chama"?

Mchango unatolewa na mwenye nao, hauchukuliwi. Kama kweli ulitaka kuchangia, uandikwe mchango tangu mwanzo, kwa sababu mchango nao unatakiwa kuonekana kwenye hesabu zao. Marekani wamelitungia kanuni kabisa: kampuni ikiiachia kampeni deni kwa namna ambayo isingemwachia mteja wa kawaida, lile deni linahesabiwa kuwa mchango, na linaweza kuwa mchango haramu. Deni kubwa linatakiwa kuendelea kutajwa kwenye taarifa za kampeni mpaka liishe, hata kama kampeni inalibishia.

Nikidai, si wataniona mpinzani?

Wengine watakuona hivyo, siwezi kukudanganya. Nimeambiwa "wewe unatumiwa" na mtu ambaye nina kadi ya chama chake. Kinachosaidia ni kudai kila upande kwa lugha ileile na karatasi ileile, na kutokwenda kudai siku ya mkutano mbele ya watu. Nenda ofisini, siku ya kazi, asubuhi, kabla hawajatoka. Na usipeleke habari kwenye magrupu ya WhatsApp. Ukimvua mtu nguo hadharani atatafuta pesa ya wakili kabla ya pesa yako.

Nina muda gani wa kudai, na lile deni lako la 2020 liliishia wapi?

Madai ya mkataba yana miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo. Kwa hesabu ya kawaida langu lingekufa Oktoba 2026. Lakini Machi 2021 nilipiga kwa namba ya mke wangu, mratibu akapokea, na kwa aibu akatuma shilingi 400,000 kwa simu. Sheria hiyohiyo inasema malipo ya sehemu yanauanzisha muda upya, kwa hiyo saa yangu inahesabu kuanzia siku ile. Muamala nimeuchapa, nimeubana kwa pini kwenye ukurasa wa kaunta buku.

Zimebaki 1,450,000, bila kuhesabu viti. Kampeni za 2025 mratibu nilimkuta kwenye mkutano wa mgombea mwingine, ana kofia mpya. Akanikumbatia, "Kaka wa muziki, umepotea!" Nikamwuliza lile letu. Akasema nimtumie namba ya akaunti upya. Nilimtumia palepale, amesimama mbele yangu, na alama mbili za bluu nikaziona.